Daftari la Duka na Sala ya Maiti

 

Ndugu msomaji, katika kurasa zetu hizi tumezoea kunena juu ya sala, na saumu, na ndoa, na mirathi. Leo tumekusudia kunena juu ya kikapu cha sokoni. Huenda baadhi ya ndugu zetu wakacheka wakasema: Je, masheikh wamekwishiwa na maneno hata wakaingia jikoni kuhesabu vitunguu? Sisi twasema: Naam, tumeingia jikoni, kwani tumeona kwa macho yetu deni lililomfuata mtu hadi ukingoni mwa kaburi lake, na deni hilo halikuanzia pengine po pote illa jikoni. Na jambo lenye kumfuata mtu hadi kaburini, haifai kwa mwenye elimu kulinyamazia kwa kuona kuwa ni dogo.

Mwishoni mwa mwaka 2023 ndugu zetu Waislamu walioko Kipkelion walitualika twende tukawasomeshe siku chache. Kipkelion, kwa asiyeijua, ni mji mdogo katika kaunti ya Kericho, juu ya njia ya reli iendayo Kisumu, na zamani stesheni yake ikijulikana kwa jina la Lumbwa. Ni nchi ya vilima na baridi, na mvua yake ni nyingi. Wenyeji wake hulima mahindi na kahawa na hufuga ng'ombe, na ukielekea upande wa mji wa Kericho waiona chai imetandikwa juu ya milima kama zulia. Chakula cha shamba huko ni tele: maziwa, viazi, kabichi, maharagwe na sukuma wiki. Mtu wa Pwani akifika mara ya kwanza husema moyoni mwake: Katika nchi hii hapana mtu awezaye kulala na njaa, wala kufa na deni la chakula.

Basi siku ya pili ya kukaa kwetu alifariki mtu mmoja, fundi wa cherehani, ambaye asili yake ni Pwani na alihamia huko tangu ujana wake. Hatutamtaja jina, kwani yeye amekwisha kwenda kwa Mola wake, na watoto wake wangali hai. Alikuwa mtu wa msikitini, si mlevi, si mcheza kamari, wala hakujulikana kwa ubaya wo wote. Alipokwisha kukoshwa na kuvikwa sanda, jeneza likatangulizwa, nasi tukatakiwa tusalishe. Kama ilivyo desturi yetu kote Pwani, tuliwageukia watu tukauliza: Je, yupo mwenye kumdai marehemu? Watu wakanyamaza. Kisha tukamwona mtu mzima, mwenyeji wa huko na Mkristo, aliyekuwa amesimama kando pamoja na majirani, ameinua mkono wake kwa haya. Alikuwa ndiye mwenye duka lililo karibu na nyumba ya marehemu.

Akasema: "Sheikh, mimi nimekuja kuzika, sikuja kudai. Lakini mmeuliza, nami sitasema uwongo mbele ya maiti."

Daftari likaletwa. Tulilifungua sisi wenyewe. Hatukuona ndani yake jambo la fedheha hata moja, wala deni kubwa la siku moja. Tuliona: mkate mmoja, sukari robo, mafuta ya kupima, kiberiti, mkate mmoja, majani ya chai, pakiti ndogo, nazi mbili, mchele kilo moja, mkate mmoja. Kurasa na kurasa za namna hiyo, kwa muda wa miezi 14. Jumla yake ilikuwa shilingi 38,600. Tulipopiga hesabu baadaye tuliona kuwa ni kama shilingi 92 kwa siku moja, ndiyo thamani ya mkate na sukari kidogo. Hiyo shilingi 92 ya kila siku, isiyomshtua mtu akiitoa, ndiyo iliyokuja kusimama mbele ya jeneza.

Ndugu zetu, mwajua ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, katika siku za mwanzo alikuwa akiletewa maiti huuliza kama ana deni, na kama ana deni asiloliachia malipo huwaambia sahaba zake wamsalie wao, na yeye mwenyewe hujizuia. Ikawa hivyo kwa mtu mmoja aliyekuwa na deni la dinari chache tu, hata Abu Qatada akasema kuwa deni lile liko juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Hadithi hii imo katika Bukhari. Na baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu mali, Mtume akawa huyachukua madeni ya waliokufa maskini akayalipa yeye. Yote mawili ni mafunzo: la kwanza latutisha tusizoee deni, na la pili latuamrisha tusimtupe mwenzetu aliyekufa nalo.

Pale Kipkelion, twamshukuru Mwenyezi Mungu, walitokea watu wawili katika safu wakalidhamini deni lile, na mwenye duka akasamehe sehemu yake, nasi tukasali. Walakini kisa hakikuishia hapo, na hilo lililofuata ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Jioni ile waliwasili jamaa wa marehemu kutoka Pwani. Mmoja wao, mtu wa makamo, akaanza kupanga khitima ya siku ya tatu: mchele gunia, mbuzi wawili, viungo, nazi, samli. Tukamuuliza fedha zatoka wapi. Akajibu kuwa mchele utachukuliwa dukani, watu watalipa polepole. Duka gani? Duka lile lile! Mjane alikuwa ameketi nyuma ya pazia akisikia, wala hakusema neno. Tukamwambia: Haifai. Akakasirika, akasema: "Sheikh, mtatuaibisha. Watu watasema ndugu yetu amezikwa kama mtu asiye na kwao." Tukamjibu: Aibu ya marehemu imesomwa leo mbele ya watu katika daftari, nawe wataka kuongeza ukurasa. Jamaa wa Ja'far bin Abi Talib walipofikiwa na msiba, Mtume aliamrisha watu wawapikie wao chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na huzuni yao. Hakuamrisha waliofiwa wawapikie watu. Sisi leo tumeigeuza sunna hiyo kichwa chini miguu juu, kisha twaita dini.

Alinyamaza, wala hatudhani kuwa aliridhika. Lakini majirani, Waislamu kwa wasio Waislamu, walileta ugali na kabichi na maziwa siku tatu mfululizo, na watoto wa marehemu wakala wakashiba, na daftari halikufunguliwa.

Sasa, ndugu msomaji, usije ukasema kuwa hiki ni kisa cha bara. Kipkelion ni jina la mahali tu. Daftari lile liko Mombasa, liko Malindi, liko Lamu, liko Tanga, liko Unguja. Na pengine liko katika duka la pembeni mwa nyumba yako, na jina lako limo ndani. Basi tulitazame jambo hili kwa ilimu, si kwa kulaumiana.

Kwanza, deni lenyewe si haramu. Mtume alifariki na deraya yake iko rehani kwa Myahudi mmoja kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Basi asimdharau mtu mwenzake aliyekopa chakula, wala asimdharau mwenye duka asiye wa dini yetu aliyelisha watoto wa Kiislamu mwaka mzima kwa subira. Lakini Mwenyezi Mungu katika aya iliyo ndefu kuliko zote, nayo ni aya ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ameamrisha deni liandikwe, na muda wake ujulikane, na lishuhudiwe. Marehemu wetu alikuwa akiandikwa na mwenye duka peke yake. Yeye mwenyewe hakuwa na kitabu. Lau angalikuwa na kijidaftari chake, akaandika kila jioni, angaliiona ile 92 mapema, naye yu hai na cherehani yake yafanya kazi. Basi la kwanza tunalonasihi ni hili: deni la duka liandikwe madaftari mawili, moja la muuzaji na moja la mnunuzi, na yalinganishwe kila mwisho wa mwezi.

Pili, tutazame namna ya kununua. Fakiri hununua kidogo kidogo, na anunuaye kidogo kidogo hununua ghali. Sukari ya robo, ukiijumlisha hata itimie kilo, aghlabu hupita bei ya kilo moja. Mafuta ya kupima hupita bei ya mtungi. Unga wa pakiti hupita bei ya mahindi yaliyopelekwa mashineni kusagwa. Basi tajiri hula kwa bei nafuu na maskini hula kwa bei ya juu, nao wako katika mtaa mmoja. Hii ni dhiki ya kweli, wala hatumlaumu maskini kwayo, kwani aliye na shilingi 50 mkononi hawezi kununua gunia. Lakini hapa ndipo ilipo faida ya jamaa. Gunia la mahindi ni kilo 90. Nyumba sita zikishirikiana kulinunua, kila nyumba hupata kilo 15. Tuliwaambia ndugu wa Kipkelion: Nyinyi mwasali safu moja, mabega yamegusana, mwashindwaje kununua gunia moja? Wekeni fungu dogo kila Ijumaa kwa mtu mwaminifu, na liandikwe. Fedha zikitimia, wawili waende sokoni, na chakula kigawanywe kwa kipimo kilichojaa, mbele ya wote.

Na wakati wa kununua nao una ilimu yake. Mahindi huwa rahisi yanapovunwa, na katika nchi ile mavuno huanza kama mwezi wa Oktoba. Kisha bei hupanda hata ikafika ukali wake kabla ya mavuno mengine. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ililazimika kutia ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90, na katika mwaka 2022 pakiti kama hiyo ilipita shilingi 200. Anayengoja ghala liwe tupu ndipo akaenda dukani, hana silaha mbele ya bei kama hizo. Na ajabu iliyoko katika nchi ya chai ni hii: mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, kisha mara moja kwa mwaka, aghlabu katika mwezi huo huo wa Oktoba, hupewa lile fungu kubwa liitwalo bonasi. Ndio kusema fedha na mahindi rahisi huja pamoja, mlangoni, mwezi mmoja. Mwenye akili huigeuza sehemu ya bonasi ikawa chakula cha miezi sita. Asiye na akili huigeuza ikawa televisheni kubwa, na mwezi wa Mei huitazama televisheni hiyo na tumbo lina njaa. Nasi wa Pwani tusiwacheke, kwani mshahara wetu wa mwisho wa mwezi tunaufanyia vivyo hivyo.

Huenda mtu akasema: Kuweka akiba ya chakula si kukosa kumtegemea Mwenyezi Mungu? Twamjibu: Je, wewe wamtegemea Mwenyezi Mungu kuliko Nabii Yusuf, amani imshukie, ambaye aliwaagiza watu wa Misri waweke nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida, kama ilivyo katika sura iitwayo kwa jina lake? Au wamtegemea kuliko Mtume wetu, ambaye imepokewa kwa sayyidna Umar kuwa alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mmoja kutokana na mali ya Banu Nadhir? Kilichokatazwa ni ihtikari, nayo ni mtu kukizuia chakula watu wakiwa na haja nacho ili kipande bei apate kuwauzia ghali. Huyo amekosa, kwa hadithi iliyo sahihi katika Muslim. Ama baba aliyeweka debe la maharagwe kwa ajili ya wanawe, huyo amefuata mwendo wa Manabii.

Lakini mwenye kuweka na aweke kwa maarifa. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haitoki kwa kusagwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo ilizuka Ukambani, khasa Makueni na Kitui, watu 317 wakaugua na 125 katika hao wakafa. Kipkelion kuna mvua, na Pwani kwetu kuna unyevu wa bahari. Basi mahindi yakaushwe sana juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na ikiwezekana yatiwe katika magunia yale mapya yasiyopitisha hewa. Yaliyogeuka rangi au kunuka ukungu yatupwe, wala asipewe maskini kwa jina la sadaka. Sadaka ya sumu si sadaka.

Tatu, tutazame tunachokinunua. Tulipolisoma daftari la marehemu tuliona nazi, na mchele, na mkate, tena nazi, na mchele, na mkate. Nazi ile imetoka Pwani, imepanda milima, imepita mikono mingi, na kila mkono umechukua faida yake. Nje ya nyumba yake kulikuwa na maziwa na kabichi na viazi kwa bei ambayo mtu wa Mombasa hawezi kuiota. Lakini alikuwa akiona kuwa chakula cha watu waungwana ni wali wa nazi, na ugali na mboga ni chakula cha wenyeji. Hii ndiyo israfu iliyojificha, kwa kuwa haifanani na israfu. Twadhani mfujaji ni yule anayetupa sahani za biriani baada ya arusi. Kumbe na yule alaye mchele mkavu kwa deni, kwa kuogopa kuonekana anakula sima, naye anafuja.

Na sheria yetu imelifikiria jambo hili kabla yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, nafaka ya mke aliyo juu yake mume hukadiriwa kwa mudd, ambayo wazee wetu wakiita kibaba: tajiri hutoa mudd mbili kwa siku, wa kati moja na nusu, na maskini moja. Mudd za nini? Za chakula kinacholiwa zaidi katika mji ule. Na zaka ya Fitri kadhalika, hutolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa zaidi katika mji. Wanavyuoni hawakusema: katika chakula cha mji uliotoka babu yako. Basi aliyehamia Kipkelion, chakula chake cha asili kwa sheria ni mahindi, na haki ya mkewe ni mahindi, na Fitri yake ni mahindi. Akipata mchele kwa mali yake iliyo halali, ale na amshukuru Mola wake, hapana amkatazaye. Akiukosa, asiukope kwa ajili ya jina.

Nne, tuseme na waume. Wengi wetu twatoa fedha ya sokoni asubuhi, kisha jioni twauliza kwa ukali: Imekwenda wapi? Wala hatujui kilo ya vitunguu ni bei gani. Nasi hatujitoi katika lawama hii. Tuliporudi kutoka safari ile tulimuuliza mama watoto bei ya unga, akatutajia. Tukastaajabu, kwani hesabu tuliyokuwa tukiitolea fedha ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Yeye kwa muda wote huo alikuwa akiziba pengo kwa kushona vikoi, wala hakutwambia kwa kuchelea kutuudhi. Hind bint Utba alipomshitakia Mtume kuwa mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha yeye na watoto, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Maana yake ni kuwa kutosheka kwa nyumba ni haki, si ihsani. Basi mume na mke waketi pamoja mara moja kwa mwezi, waweke mbele yao mapato yote bila ya kufichana, waandike: chakula, kodi, skuli, dawa, sadaka, akiba. Na mwanamke ndiye ajuaye soko, basi asikizwe.

Tano, tuseme na ndugu zetu wenye maduka. Sura ya Al-Mutaffifin imeteremka kwa ajili ya vipimo, nayo yaanza kwa maangamizo. Bara hupima nafaka kwa kopo la kilo mbili liitwalo gorogoro, na wako wanaoligonga kitako likaingia ndani ili lichukue pungufu. Kwetu Pwani wako wenye mizani iliyolemea upande mmoja. Wote hao wamo katika sura hiyo, hata wakihiji kila mwaka. Na jueni kuwa kuuza kwa deni kwa bei iliyozidi bei ya taslimu, wanavyuoni wa madhehebu manne wameruhusu, maadamu bei imekatwa tangu mwanzo na muda umejulikana. Walakini deni likisha kuthubutu, kisha likaongezwa kwa kuwa mdaiwa amechelewa, hiyo ni riba bila ya shaka. Na mwenye kukopa fedha kwa simu ili anunue unga, akalazimishwa kurudisha zaidi ya alizopewa kwa ajili ya muda, naye ajihadhari. Riba haibadiliki kwa kupewa jina la ada. Ni afadhali daftari la jirani mwenye subira kuliko mkopo wa simu usio na uso.

Sita, na hili latukhusu sote: tusitupe. Mtume alitufunza tuokote tonge iliyoanguka, tuisafishe, tuile. Alitufunza kuwa chakula cha mmoja chawatosha wawili, na cha wawili chawatosha wanne. Alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi auzidishe maji, awakumbuke majirani. Tazameni hekima yake: kuzidisha maji ni kubana matumizi, lakini mwisho wake ni jirani. Huku ndiko kubana kwa Kiislamu. Bakhili hubana ili apate kufungia, na Muislamu hubana ili apate kutoa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kwa kushika njia ya kati baina ya kufuja na kukaza mkono. Basi anayewanyima wanawe maziwa ili ajenge ghorofa, asije akatwaa maneno yetu haya akayafanya hoja.

Na mwezi wa Ramadhani u shahidi juu yetu. Ni mwezi wa kufunga, nasi twautumilia fedha kuliko mwezi mwingine wo wote. Bei hupanda kwa kuwa sote twakimbilia sokoni siku moja, kisha vitumbua na tambi na mkate wa sinia vyalala hadi asubuhi, na visivyoliwa vyatupwa jaani. Mwenye kutaka wepesi na anunue sukari, na tende, na mchele wake katika Rajabu na Shaabani, kidogo kidogo, kwa fedha taslimu. Na futari yake iwe ya mlo mmoja, si ya karamu. Atakachokiokoa, amtazame jirani ambaye jina lake limo katika daftari la duka. Amlipie hata ukurasa mmoja. Twadhani sadaka hii ni bora kuliko taa nyingi za rangi tunazotundika mitaani.

Tumalizie kwa tulipoanzia. Tulipokuwa twaondoka Kipkelion mjane alimtuma mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kama 15, atuage. Alikuwa na kijidaftari kipya mkononi. Akasema: "Sheikh, mama amesema niandike mimi. Tumeanza jana." Tukakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu tu: maziwa; kabichi moja; unga, kutoka gunia la jamaa wa msikitini. Na chini yake ameandika: deni, hapana.

Ndugu msomaji, usingoje kufiwa ndipo ununue kijidaftari. Leo jioni, ukitoka msikitini, pitia dukani umwambie mwenye duka akusomee jina lako. Ukisha kuijua jumla, lipa uwezacho, na kilichobaki uwaambie watu wa nyumbani kwako, ili wasije wakakijua kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu, awalipe kheri wale wawili waliolidhamini deni lake, amlipe wema jirani yule aliyesema kweli kwa haya, na atutoshee halali yake tusihitaji haramu yake. Wabillahi tawfiq.